Kirusi, Damu na Maisha ya Duarani: Nilichosoma Baada ya Likizo ya Mwakitolyo

Najua nimepotea tangu semesta ianze, bumu lilichelewa, bando likakata, kisha yakaja mazoezi ya darasani ambayo kila mhadhiri anadhani somo lake ndilo peke yake tunalosoma. Leo nimepata muda na nina jambo limenikaa rohoni tangu likizo. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama uko njiani soma ukifika.

Limeanza kwenye saikolojia ya elimu. Mhadhiri alikuwa anaeleza historia ya vipimo vya akili, akasema kitu ambacho nusu ya ukumbi walicheka: kabla kipimo hakijapima akili yako, kimeshapima shule uliyosoma. Mimi sikucheka. Nilimkumbuka mjomba.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, anaishi Mwakitolyo, kule Wilaya ya Shinyanga kwenye jimbo la Solwa. Mwenye kulijua eneo hilo anajua maisha yake yalivyo: maduara, makarasha yanayosaga mawe kutwa kucha, vumbi, mama lishe, na habari ya kwamba fulani amepata na fulani amefukiwa. Mjomba ana VVU. Alipima mwaka 2009 na anatumia dawa. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akanijibu, "Andika, ila jina langu liache hukohuko kwenye kadi." Basi naliacha.

Likizo iliyopita nilikaa kwake siku tisa. Nikaona mambo. Anatuma mtoto dukani, mtoto akirudi anauliza nani amemtuma. Anaanza hadithi ya Bulyanhulu, anasimama katikati, anaangalia mkono wake. Karashani walishamtania kwamba akihesabu mifuko ya mawe lazima ahesabiwe na yeye. Bibi anasema ameloga­nishwa na wenzake wa duara la zamani. Jirani anasema ni gongo la ujanani. Alipolalamika kwenye kituo anakochukulia dawa (sikitaji) akaambiwa ni uzee tu. Mjomba amezaliwa mwaka 1976, jamani. Uzee gani huo?

Niliporudi chuoni nikaingia maktaba, na badala ya kusoma ya mtihani nikasoma ya mjomba. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Tunavyosimuliwa historia ya UKIMWI Tanzania huwa tunaanza Kagera, mwaka 1983, wagonjwa 3 wa kwanza kuripotiwa. Watu wa kule waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo iliyokuwa fasheni ikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Waganda wenyewe waliuita slimu, kwa sababu ya kukonda. Kufika mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Angalia majina hayo: nguo na kukonda. Tuliuona ugonjwa kwenye mwili. Mtu akikonda, akikohoa, akitoka vipele, tulijua. Mtu akianza kusahau, kukaa kimya, kudondosha vitu, kuchelewa kujibu, hilo halikuwa na jina letu. Lilikuwa na majina mengine, ya zamani zaidi, na huku kwetu Usukumani majina hayo humpeleka mtu kwa nfumu kabla hajafika zahanati.

Mwaka huohuo 1986, huko New York, madaktari watatu, Navia, Jordan na Price, walichapisha kazi iliyoeleza kwamba wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wanapoteza uwezo wa kufikiri haraka, kukumbuka na kutembea sawasawa, na kwamba haikuwa huzuni tu ya kujua unakufa. Kirusi chenyewe kilikuwa kimeingia kwenye ubongo. Siku hizi inajulikana vizuri zaidi kinavyoingia: kinabebwa ndani ya chembe nyeupe za damu, kinavuka ule ukuta unaolinda ubongo mapema sana baada ya maambukizi, kisha kinajificha kwenye chembe za ulinzi za humohumo kichwani. Chembe za neva zenyewe, zile za kufikiria, kwa kawaida hakizishiki. Zinaumia kwa sababu ya moshi wa jirani, tuseme hivyo: wale walinzi walioambukizwa wanatoa kemikali za uchochezi siku nenda rudi, na neva zinadhoofika. Dawa zimepunguza sana ile hali mbaya kabisa ya mtu kupoteza akili. Ila hali nyepesi, ya kusahausahau na kuwa mzito, imebaki hata kwa watu ambao kirusi kwenye damu yao hakionekani tena.

Sasa swali la kipimo. Mwaka 1995 ilitengenezwa Marekani skeli fupi ya kupimia tatizo hili. Ilikuwa inamtaka mgonjwa aandike herufi za alfabeti kwa haraka huku anapimwa muda, achore mchemraba, na afanye zoezi fulani la macho. Hebu mpe mjomba karatasi na kalamu umwambie achore mchemraba. Mjomba alianza darasa la kwanza mwaka 1984, akaishia la nne. Aliniambia mwenyewe kwamba kalamu aliishika mara ya mwisho alipoweka saini ya kugawana mawe.

Hapa nisimame kidogo maana ndipo historia yetu ya elimu inapoingia, na ndiyo fani yangu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisema kila mtoto aende shule ya msingi, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza kutekelezwa nchi nzima. Pamoja na kampeni za elimu ya watu wazima, nchi iliyokuwa na watu wazima wanaojua kusoma kama theluthi moja mwaka 1967 ilitangaza kufikia asilimia 90 hivi mwaka 1986. Tunaimbiwa takwimu hizo kila siku darasani. Lakini mjomba aliingia shule wakati uchumi umeshaanguka, michango imerudi, walimu hawatoshi, na babu ana ng'ombe wa kuchungwa. Ada ya shule ya msingi ilikuja kufutwa na MMEM mwaka 2001 na 2002. Mjomba alikuwa na miaka 25, yuko futi nyingi chini ya ardhi. Kwa hiyo ukichukua wanaume wawili, mmoja aliyezaliwa 1966 na mmoja 1976, kijiji kimoja, unaweza kukuta mkubwa ndiye anayesoma gazeti. Halafu uwapime ubongo kwa kalamu!

Waliolishughulikia hilo ni watu wa Kampala. Mwaka 2005 Ned Sacktor wa Baltimore pamoja na madaktari wa Uganda, wakiwemo Noeline Nakasujja, Seggane Musisi na Elly Katabira, walitoa skeli nyingine ya kimataifa, waliyoijaribu Baltimore na Kampala. Haina kalamu. Ina vitu vitatu: kugonganisha vidole viwili haraka kwa sekunde 5, kupanga mkono ngumi, kiganja chini, kisha ubavu wa kiganja kwa sekunde 10, na kukumbuka maneno manne uliyoambiwa mwanzoni. Jumla alama 12. Ukipata 10 au chini unatakiwa uchunguzwe zaidi. Mwaka 2007 watafiti haohao wa Kampala walionyesha kwamba kwenye kundi la wagonjwa 78 wa kliniki yao, asilimia 31 walikuwa na hali ile nzito. Asilimia 31! Na ilikuwa imepita miaka zaidi ya ishirini tangu Juliana, bila mtu huku kwetu kuliweka hilo kwenye vipeperushi.

Tukajaribu hosteli, watu sita chumbani. Wote tulipata 11 na 12 isipokuwa jamaa mmoja wa sheria aliyepata 9.5 kwa sababu alikuwa hajalala siku mbili. Tukamcheka. Kisha nikafanya jambo ambalo sijui kama lilikuwa sahihi. Wakati wa mapumziko ya katikati ya semesta nilirudi Mwakitolyo kwa siku tatu, nikampima mjomba.

Maneno yalikuwa mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Alirudia vizuri. Nikamwambia agonganishe vidole, na kanuni ni kwamba unatumia mkono ambao siyo wa kuandikia, kwa hiyo wa kushoto. Akatoa kushoto. Nikaona kile ambacho nimekiona maisha yangu yote bila kukitazama: kidole cha shahada hakikunji sawasawa, na kile cha kati kimepinda. Mchimbaji anashika tindo kwa kushoto na nyundo kwa kulia. Ukikosea shabaha gizani, anayelipa ni kushoto. Akagonga mara 8, sawa na alama 2. Ngumi na kiganja akapata 2 huku anauliza, "Sasa hii ni ngoma ya wapi?" Maneno akakumbuka mbwa na kofia mwenyewe. Nilipomdokeza ni rangi akasema nyekundu, nusu alama. Nilipomdokeza ni mboga akasema mchicha. Jumla 6.5.

Sita na nusu. Usiku sikulala. Lakini asubuhi nikajiuliza, alama ngapi hapo amechukua kirusi na ngapi zimechukuliwa na nyundo? Kwenye karatasi zote zinakwenda kwenye shimo moja.

Twende kwenye damu sasa, maana wengi wanapenda kuanzia huko: labda ni ya kuzaliwa nayo. Jeni ziko za aina mbili hapa, za kirusi na za mtu.

Kirusi chenyewe kina koo. Uganda kuna sana aina A na aina D, Tanzania tuna A, C, D na machotara wao. Mwaka 2009 kundi lilelile la Sacktor lilitangaza, baada ya kupima watu 60 Kampala wenye kinga iliyoshuka, kwamba wenye aina D walikuwa na tatizo la akili mara nyingi zaidi kuliko wenye A. Habari ikaenea kila mahali, ikaonekana siri imefichuka. Mwaka 2014 wakarudia na watu wengine wa Kampala na tofauti ile haikuonekana. Napenda kwamba ni walewale waliorudi kuandika hivyo. Wengine wangekaa kimya.

Kwa upande wa mtu, jeni iliyosemwa sana ni ile ya APOE, hasa aina yake ya nne, ambayo kwa Wazungu inaongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Mwaka 1998 watafiti waliripoti kwamba hata kwenye VVU wenye aina hiyo walikuwa na matatizo zaidi. Sasa aina hiyo Afrika ni ya kawaida sana, mtu angetegemea wazee wetu wote wawe wamesahau majina yao. Lakini utafiti wa miaka mingi wa Ibadan, Nigeria, kwa wazee wa Kiyoruba, haukuona ule uhusiano mkali ulioonekana Marekani. Jeni ileile, mahali pengine, jambo jingine. Sina ujuzi wa kueleza kwa nini, na nimeona hata wenye ujuzi wanabishana.

Jeni iliyonikamata hasa ni nyingine kabisa, na haiko kwenye ubongo. Iko kwenye ini. Inaitwa CYP2B6, na kazi yake mojawapo ni kuvunjavunja efavirenzi. Wadau wenye ndugu kwenye dawa wanaikumbuka efavirenzi. Tanzania ilianza kugawa ARV bure mwaka 2004, na kwa miaka mingi hicho kilikuwa mojawapo ya vidonge vikuu, unameza usiku kwa sababu kinalevya. Kinaleta kizunguzungu na ndoto. Siyo ndoto hizi zetu za kufeli mtihani, ni ndoto zenye rangi na sauti. Kuna watu ambao jeni hiyo kwao iko ya aina ya uvivu, ini linaivunja dawa polepole, na dawa inajaa kwenye damu. Aina hiyo ya uvivu ni ya kawaida kwa Waafrika. Watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wa Sweden na Ethiopia wameifuatilia kwa miaka, na mwaka 2013 walionyesha kwamba Watanzania walikuwa na kiwango kikubwa cha efavirenzi kwenye damu kuliko Waethiopia kwa dozi ileile, hata pale jeni zao zilipofanana.

Niliposoma hilo nikafunga kitabu nikatoka nje kidogo. Kwa sababu mwaka 2010 mjomba alianza kuota wenzake wawili waliofukiwa duarani. Kila usiku walikuja, wanamwomba awavute kamba. Alikuwa anaamka anapiga kelele, mchana anayumba. Nilikuwa mdogo ila nakumbuka vikao. Familia ikakubaliana kwamba wale marehemu wanamdai, akapelekwa kwa nfumu, akauza mbuzi wanne, na akaacha vidonge kwa sababu nfumu alisema dawa mbili hazikai tumbo moja. Akakaa bila dawa karibu miaka miwili. Mwaka 2012 alirudi kliniki amebebwa. Mwaka 2019 nchi ilianza kuhamia dolutegraviri na yeye alipobadilishiwa, wale wenzake wa duarani wakaacha kuja. Yeye anasema ni mbuzi wanne ndio waliomaliza deni. Sikumbishia.

Je, mjomba ana ile jeni ya uvivu? Hajawahi kupimwa na sidhani kama atapimwa. Ninachosema ni kwamba hata kama anayo, jeni haikumtoa kwenye dawa miaka miwili. Kilichomtoa ni kwamba hakuna aliyemwambia, pale anapopewa kopo, "Utaota vibaya, ni dawa, usiache, rudi tuongee." Sentensi moja. Na ile miaka miwili, kinga ikiwa imeshuka chini kabisa, ndiyo hali ambayo utafiti mwingi unaitaja kuwa ya hatari kwa ubongo baadaye. Sasa hiyo tuiandike kwenye safu gani, ya damu au ya maisha?

Na bado kuna zebaki. Kwenye ukanda wetu wa dhahabu, Geita mpaka Shinyanga, mchimbaji mdogo akishasaga na kuosha anakamata dhahabu kwa zebaki ndani ya karai, anaiminya kwenye kitambaa, kisha anaichoma. Mjomba alikuwa anachoma kwenye koleo, jikoni, watoto wakiwa palepale. Mvuke wa zebaki unaingia mapafuni na kufika kwenye ubongo, na dalili zake ni kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi na kuwa mzito. Shirika la Umoja wa Mataifa la viwanda, UNIDO, liliendesha mradi wa zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika nchi sita, na kwetu walikwenda Rwamagasa, Geita. Wakapima hewa, samaki, nywele, mikojo na mikono inayotetemeka. Dunia iliweka mkataba wa zebaki mwaka 2013 ukapewa jina la Minamata, ule mji wa Japani ambao sumu yake iligunduliwa mwaka 1956. Huko kwenye karai bado inauzwa kwa kofia ya chupa ya soda.

Ongeza malaria. Ongeza gongo, ndiyo, jirani hakusema uongo. Ongeza jiwe lililompiga kichwani kabla wachimbaji wadogo hawajaondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, ambalo mama anasema alilala siku mbili bila kuongea. Mtu huyo ndiye anayekuja kukaa mbele ya skeli ya alama 12.

Nilifurahi kukuta kwamba siko peke yangu na wasiwasi huu. Kule Moshi, kwenye kliniki ya Hospitali ya Mawenzi, watafiti walipima watu wenye VVU wa miaka 50 na zaidi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yaliwahesabu karibu nusu yao kuwa na upungufu wa aina fulani. Wengi wa hao walikuwa kwenye lile daraja la chini kabisa, ambalo alama ni mbaya lakini mtu mwenyewe anaendelea na shughuli zake kama kawaida. Ni hilo daraja lililoleta ugomvi. Mwaka 2023 jopo la wataalamu kutoka nchi nyingi lilipendekeza kwamba alama mbovu ya kipimo peke yake isitoshe kumwita mtu mgonjwa wa akili kwa sababu ya VVU, wala kila tatizo la kufikiri la mwenye VVU lisibebeshwe VVU. Uangalie elimu yake, maisha yake, magonjwa mengine, na je, yeye mwenyewe na watu wake wameona mabadiliko? Ilichukua kama miaka 37 tangu New York kuandika jambo ambalo mhadhiri wetu alilisema watu wakacheka.

Lakini nisijidanganye pia. Kuna upande wa pili ambao unanitesa zaidi. Ukisema "ni shule tu, ni maisha tu," unaweza kumwacha mtu mgonjwa kwelikweli akazama, kama yule aliyesema ni uzee. Kwa mjomba kuna mabadiliko. Siku ya tatu nilimuuliza ng'ombe wa babu walivyokuwa, akanitajia kumi na moja kwa rangi na kwa pembe, na yupi alizaa lini, bila kusimama. Nikadhani basi, kichwa kiko sawa. Jioni akaniuliza nimefika lini. Nilikuwa nimekula naye mara saba.

Bibi alisikia swali hilo akaniangalia. Ameshaanza kumtaja mwanamke mmoja mzee wa kitongoji cha pili, mwenye macho mekundu ya moshi wa miaka mingi, na kwetu Shinyanga sote tunajua maneno kama hayo yanaweza kuishia wapi. Nilikaa naye jikoni saa nzima. Nilimweleza kirusi, nikamweleza vidonge, nikamweleza zebaki. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Sawa mjukuu wangu, lakini nani aliyevituma?" Nikamwomba kitu kimoja tu, kwamba jina la yule mama asilitamke tena mbele ya vijana wa karashani. Amekubali. Nampigia kila Jumapili kuhakikisha.

Mipango ni hii. Nimeongea na kaka, likizo kubwa ikianza tunampeleka mjomba hospitali ya mkoa na barua ya kliniki yake, tuombe wapime wingi wa virusi, wampime na kaswende maana nayo inaingia kichwani, na tueleze habari ya zebaki na lile jiwe. Nauli tumeshagawana. Koleo la kuchomea nimelitoa jikoni mwenyewe, liko nyuma ya zizi, ingawa anadai ataliona likihitajika.

Kesho saa mbili kuna testi ya falsafa ya elimu na sijagusa desa. Wenye notsi za wiki ya tano naombeni mniachie kwa mlinzi wa bloku.